Mchimbaji mdogo, choma dhahabu yako kwenye retoti

Toa laini kwenye simu yako uiangalie. Kile kipande cha njano kimepakwa utando mwembamba wa dhahabu, kwa sababu dhahabu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Kompyuta na vifaa vingi vya hospitali vinaitegemea vivyo hivyo. Wachimbaji wadogo wa Geita, Chunya na Migori wanachangia dhahabu inayoingia sokoni, na wengi bado wanaikamata kwa zebaki. Kazi yenye faida kubwa hivi kwa watu haifai kumwachia anayeifanya mikono inayotetemeka kwa sumu ya zebaki.

Hasara huanza kabla ya moto. Usimwage zebaki ndani ya karasha, mashine ya kusaga mawe, wala juu ya mwalo, ubao wa kuoshea mchanga. Karasha huisaga ikawa punje ndogo mno zisizoungana tena, nazo huondoka na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, pamoja na dhahabu zilizoishika. Marudio hayo yakipelekwa kwenye matangi ya sianidi, kemikali ya kutolea dhahabu iliyobaki, sianidi huiyeyusha zebaki, ikasambaa kwa urahisi zaidi. Osha kwanza, ubaki na mchanga mzito kidogo kwenye karai, ndipo utie zebaki, glavu zikiwa mkononi.

Ukishakamua kwa kitambaa, donge la dhahabu na zebaki linalobaki huwa takriban nusu zebaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, kwa hiyo jiko la mkaa tu linaigeuza mvuke usioonekana wala kunukia. Anayechomea nyumbani anawavutisha watoto wake.

Retoti ni chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke huo na kuurudisha kuwa zebaki, na anaweza kuitengeneza fundi wa kuchomelea: kikombe cha chuma, kifuniko kinachobanwa kwa nati, na bomba linalotoka juu na kuteremka. Kiwe chuma kitupu. Shaba na alumini huliwa na zebaki, na bomba la maji lililopakwa zinki halifai. Tandika karatasi chini ya donge lisigande, ziba ukingo wa kifuniko kwa udongo wa mfinyanzi, kaza. Zungushia bomba kitambaa, ukilowanishe muda wote, na mdomo wake ukae juu kidogo tu ya maji ya beseni. Usiuzamishe! Moto ukipungua, retoti huyanyonya maji, na yakigusa chuma chekundu hugeuka mvuke ghafla, chombo kikapasuka.

Fanyia kazi hii nje, upepo ukitokea mgongoni kwako. Anza na moto mdogo, uongeze hadi kitako kiwe na wekundu hafifu. Gongagonga bomba matone yaanguke. Yakikoma, endelea kama dakika 10, kisha ondoa moto. Usifungue mpaka chombo kipoe kabisa, maana mvuke uliobaki ndani utakupiga usoni.

Zebaki uliyoirudisha ikigoma kushika dhahabu, itie kwenye chombo cha plastiki na maji ya chumvi. Waya hasi wa betri ya volti 12 uguse zebaki. Ule chanya uushike kwenye kijiti cha kaboni kilichozama majini tu. Hiyo nayo ifanyie nje, kwa kuwa inatoa gesi ya klorini.

Dhahabu ya retoti hutoka na rangi ya kahawia, na madalali hupenda kuitumia rangi hiyo kushusha bei. Iyeyushe kwa boraksi, unga wa kusafishia madini yanapoyeyushwa, itang'aa. Ila bado ina asilimia chache za zebaki ndani yake, hivyo usikubali iyeyushwe kwenye chumba cha mnunuzi kisicho na dohani.