Jibu: Kuchangia chakula cha wenye mzio

Ndugu, umeuliza kama benki ya chakula, yaani kituo kinachokusanya chakula na kuwagawia wahitaji, itapokea pakiti zako za unga usio na gluteni (protini iliyomo kwenye ngano na nafaka kama shayiri), na kama unaweza kuzigawa kwenye mifuko midogo. Kwa kawaida hupokelewa, tena kwa furaha, ila nakuomba usizifungue. Lebo ndiyo kinga ya mwenye mzio. Ikishaondoka, nani atamhakikishia mzazi kwamba unga ule ni salama? Kwa mtoto mwenye mzio mkali wa karanga, chembe kidogo tu inaweza kumbana pumzi. Piga simu kwanza, uwaombe waziweke rafu ya juu, peke yake, unga wa ngano usije ukazimwagikia. Maziwa ya soya nayo yanafaa kwa wasiovumilia ya ng'ombe, ingawa soya yenyewe huwadhuru wengine. Tarehe za mwisho wa matumizi pia uziangalie.