Usitie mafuta taipureta yako, dadangu

Jumatatu usiku nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Lamu, amenunua taipureta ndogo ya Hermes Baby kwa mtu aliyekuwa anahama Shela, herufi zikipanda zinakwama hukohuko juu, anauliza atie mafuta ya cherehani au ya nazi. Nilimpigia simu saa ileile. Dadangu, usitie chochote! Na kwa vile najua wengi wenu mnazitafuta hizi mashine, au tayari mnayo moja chini ya kitanda, acha niwasimulie yaliyonipata.

Yangu ni Olivetti Lettera 22, ile aliyoichora Marcello Nizzoli, ikatoka 1950 na 1954 ikapewa tuzo ya Compasso d'Oro kwao Italia. Haifiki kilo nne, unaibeba kwa mkono mmoja. Sisi wa Malindi tuna bahati, Wataliano wamekaa hapa miaka mingi na mzee akirudi kwao anauza kila kitu, basi mimi nilienda Casuarina kununua feni, nikaiona kwenye mkoba wake wa zipu na feni nikaisahau. Sh 3,500. Lakini jamani angalieni herufi kabla hamjatoa pesa, kwa sababu ya Kitaliano Z iko pale tulipozoea W, W imeshuka chini, na M imehamia kando ya L. Na Kiswahili chetu kimejaa hizohizo! Nikitaka "wazazi" napata "zawawi". Wiki mbili hivyo, halafu vidole vikazoea.

Mwezi wa pili A na R zikaanza kukwama. Nikatia mafuta ya cherehani, mengi, na siku mbili zile mashine iliruka kama mpya wallahi nikajiona fundi. Kumbe mafuta yanakamata vumbi na chumvi ya hewa yetu, yanageuka gundi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Miezi miwili njoo kesho, njoo keshokutwa, ikarudi kamba ya kuvuta kigari (kile kinachobeba karatasi) imekatika, mkono wa K umepinda, na Sh 2,000 zangu amekula. Hata pole hakuniambia. Mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Nikaamua mwenyewe. Ndani kuna upinde wa chuma wenye mifereji kama meno ya kitana, kila mkono wa herufi unapita kwenye mfereji wake, na ugonjwa karibu wote uko hapo. Nilichukua spiriti ya kemisti na mswaki mkavu, nikasugua mfereji mmoja mmoja, maji meusi yakawa yanatiririka kama kahawa tungu kwenye gazeti nililotandika, napiga A, nasugua, napiga tena, mara ya tano hivi ikarudi yenyewe, tak! Nilimwita mama watoto aje asikie. (Spiriti isiguse rangi ya bodi, inaitoa.) Ile kamba nikaweka mshipi wa kuvulia, ule wa kusokotwa, amenikatia jirani yangu mvuvi, na haujakatika hadi leo.

Kwa hivyo mafuta ni tone moja kwenye reli za kigari, kwa ncha ya sindano, basi. Kwenye ule upinde hapana. Ribini, ule utepe wa wino, ni ya upana wa nusu inchi, ikiisha tupa utepe lakini magurudumu yake usiyatupe kamwe, utasokotea mpya humohumo. Rola inayozungusha karatasi ikiwa ngumu kama jiwe weka karatasi mbili.

Lakini jambo linalonikera ni watu wanaonunua wakaifungia mkobani, wanaitoa wageni wakija. Pwani hii, msimu wa mvua, mkoba uliofungwa zipu ni kaburi, unyevu unakaa mle mle na kutu inakula springi. Hii si sahani ya ukutani! Piga kila siku, hata barua ya nusu ukurasa, mpigie mamako, piga orodha ya sokoni. Mimi kila Ijumaa bibi yangu ananitajia barua ya ndugu yake wa Mambrui, napiga na kaboni, nakala yake anaiweka kwenye kasha.

Dada wa Lamu amenijibu leo asubuhi. E na S zinarudi, N bado. Nimemwambia kesho arudie spiriti, na mswaki auingize kutoka upande wa nyuma.