Nimegombana na kaka yangu kwa ajili ya Black Panther

Mwanangu wa Wete,

Waalaikumu salaam. Barua yako nimeisoma yote, na sehemu nyengine nimezirudia. Unasema mwaka 2018 wewe na kaka yako mliitazama filamu ya Black Panther kwenye kompyuta yake, nyumbani kwa bibi yenu, mkairudia hata maneno mkayahifadhi. Mkaahidiana kuwa ya pili mtaitazama pamoja. Kaka akaenda Dubai kutafuta maisha. Hiyo ya pili, Wakanda Forever, ilipotoka Novemba 2022, akaenda kuiona sinema na wenzake wa kazini. Wewe uliipata baadaye kwenye flashi, ukaichukia. Ulipompigia kumwambia, akasema yeye amelia ukumbini na kwamba wewe filamu huzijui. Nawe ukamjibu kuwa siku hizi amekuwa mtu wa Dubai. Tangu hapo salamu zenu ni zile za Ijumaa tu. Unauliza kama ni utoto mtu mzima kuumizwa hivi na filamu, na uanzie wapi kuzungumza naye.

Si utoto hata kidogo. Kitu ulichokipenda ukiwa na mtu unayempenda hakiwi tena mchezo wa kupitisha jioni, na kikikuvunja moyo lazima uumie.

Na filamu yenyewe ina kasoro, usikubali kuambiwa huna macho. Ni ndefu, saa mbili na dakika 41. Yule mwanafunzi wa Marekani, Riri Williams, kila akitokea unahisi anatengenezewa njia ya kwenda kwengine, na kweli baadaye alipewa tamthilia yake mwenyewe. Namor na watu wake wa chini ya bahari walistahili nafasi kubwa zaidi. Sisi watu wa visiwani tungekaa nao usiku kucha, lakini hadithi inawapitia mbio. Umeandika kwamba Malkia Ramonda alipokufa uliifunga kompyuta, ukamalizia siku ya pili. Nakuelewa. Kwangu mimi Angela Bassett, aliyemwigiza malkia huyo, ndiye aliyeibeba ile filamu.

Pale unaposema wangemtafuta mwigizaji mwengine wa T'Challa, yule mfalme shujaa wa filamu ya kwanza, hapo sikubaliani nawe. Chadwick Boseman, aliyemwigiza, alifariki Agosti 2020, akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana aliyoishi nayo miaka minne bila ya watu wa nje kujua. Mwongozaji, Ryan Coogler, alikuwa ameshaandika hadithi nyengine kabisa, ya T'Challa na mwanawe. Ikabidi aiweke kando aanze upya, na yeye mwenyewe amesema alikaribia kuacha kazi ya filamu. Watu wale walikuwa wamefiwa. Kumvisha mtu mwengine nguo za marehemu hata machozi hayajakauka, mimi nisingeweza kuitazama. Wewe ulijipamba kwa arusi, ukafikia matangani, na hakuna aliyekutayarisha.

Sasa nisikilize vizuri. Filamu hiyo inaanza na Shuri, dada yake T'Challa, anahangaika kumwokoa kaka yake, na anashindwa. Mama yake, Malkia Ramonda, anamwita wachome nguo za msiba, anakataa. Anakwenda filamu nzima na hasira zake, mpaka mwisho kabisa, ufukweni Haiti, ndipo anapozichoma na kujiruhusu kumkumbuka kaka yake. Ni hadithi ya dada aliyebaki bila ya kaka. Na wewe uliitazama peke yako, usiku, Wete, na wako yuko ng'ambo. Alhamdulillahi wako yu hai. Lakini naona hapo ndipo palipokuuma, kuliko Riri na kuliko urefu wa filamu. Barua yako imejaa makosa ya filamu. Ahadi iliyovunjwa umeigusia kwa mstari mmoja, tena katikati.

Basi mwambie huo mstari mmoja. Usimwandikie ujumbe mrefu, maana mtu akiwa amechoka na kazi huusoma kwa sauti ya ugomvi hata kama hukuukusudia. Mpigie usiku akishapumzika, umwulize kwanza hali yake, kisha umwambie: "Kaka, iliniuma ulipoiona bila mimi." Akikaa kimya, mwachie akae.

Na umwombe radhi kwa neno la "mtu wa Dubai". Unalijua kama lilivyo zito. Mtu aliyeacha kwao kwa ajili ya kuwatafutia nyinyi, kuambiwa na mdogo wake kuwa si wao tena, hilo halimtoki moyoni upesi. Kisha mwulize alikuwa akililia nini mle ukumbini. Hukumwuliza siku ile, ulimkatiza kwa Namor. Inawezekana alimlilia Boseman, inawezekana alikuwa akikuwaza wewe na sebule ya bibi. Muache aseme yote.

Akija likizo, itazameni pamoja. Tafuteni nakala safi, kwa sababu sehemu za chini ya bahari zina giza na hizi za kwenye flashi huzidi kuziharibu. Anzeni na ile ya 2018, ya pili muiweke usiku wa pili yake. Ikiwa bado haikupendezi, mwambie, naye umsikilize kwa nini yeye inampendeza. Lakini simu usiingojeze likizo. Piga wiki hii, na isiwe Ijumaa.