Kujiandaa kwa tathmini ya ubora katika chuo cha uuguzi

Ndugu mkufunzi, umeuliza uanzie wapi kuandaa taarifa ya kujitathmini ya programu yenu ya stashahada ya uuguzi na ukunga, ikiwa imebaki miezi miwili tu timu ya tathmini ifike chuoni. Ningekushauri uanzie wodini, wala si ofisini.

Kwa kuwa hapa Tanzania programu hiyo iko chini ya NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, kwa upande wa mtaala na tuzo, na chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa sheria ya mwaka 2010, kwa upande wa taaluma yenyewe, majalada yaliyopangwa vizuri hayatoshi. Mwanafunzi akiandikiwa kwamba amemzalisha mama, lazima ijulikane nani alimsimamia na siku hiyo wodi ilikuwa na wanafunzi wangapi. Chukua vitabu vya kumbukumbu za mazoezi ya wodini vya wanafunzi kumi, uvilinganishe na ratiba za zamu na saini za wauguzi walezi, yaani wauguzi wanaowasimamia wanafunzi wodini. Saini ishirini za wino mmoja na tarehe moja, ambazo nimewahi kuziona, hazina utetezi.

Kasoro mtakazozikuta ziandikeni wenyewe, pamoja na hatua mliyochukua, cheo cha mhusika na tarehe ya kukamilisha, kwa sababu kasoro iliyofichwa ikigunduliwa huwafanya watathmini watilie shaka hata yaliyo sahihi. Vyeti vya wakufunzi na orodha ya vifaa vya maabara ya stadi ni kazi ya siku mbili. Wanafunzi msiwakaririshe majibu. Wakihojiwa peke yao, itajulikana mara moja.