Maswali na Majibu: Kupima Macho ya Watoto

Maswali yafuatayo yameletwa na wasomaji kuhusu kazi ninayoifanya kila siku, ya kupima macho ya watoto kliniki kabla hawajaonana na daktari.

Swali: Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na ningependa kufanya kazi katika kliniki ya macho ya watoto bila kuwa daktari. Mpimaji hufanya nini hasa? (Mhitimu, Morogoro)

Jibu: Mpimaji ndiye anayekaa na mtoto kwanza. Humuuliza mzazi tatizo lilianza lini, kama mtoto alizaliwa njiti, na kama kuna ndugu aliyekuwa na makengeza au aliyevaa miwani tangu utotoni. Kisha hupima uwezo wa kila jicho, huangalia kama macho yote mawili yanalenga mahali pamoja, na hutia matone pale yanapohitajika. Hatangazi ugonjwa wala haandiki dawa. Hata hivyo, daktari huamua kwa kutegemea namba zilizomo kwenye faili, na namba iliyokisiwa kwa sababu mtoto alikuwa akilia na foleni ilikuwa ndefu inaweza kumkosesha mtoto huyo matibabu katika miaka ambayo yangemfaa zaidi. Kwa mchepuo wako unaweza kuomba masomo ya optometria, yaani taaluma ya kupima uwezo wa macho na miwani, ambayo hapa Tanzania yamefundishwa kwa muda mrefu katika hospitali ya KCMC, Moshi. Ukiwa huko, omba upangiwe kliniki ya watoto kila nafasi inapopatikana.

Swali: Mwanangu ana miaka mitatu na hajui hata herufi moja. Mtampimaje? (Mama, Tanga)

Jibu: Herufi hazihitajiki, mama. Tuna picha nne zilizobuniwa mwaka 1976 na daktari wa macho wa Finland, Lea Hyvärinen: tufaha, nyumba, duara na mraba. Utampakata mwanao, tutamwekea magotini kadi yenye picha hizo hizo, naye ataonyesha kwa kidole ile inayofanana na anayoiona mita tatu mbele yake. Watoto wengi wa kwetu hawajawahi kushika tufaha, kwa hiyo tunawaachia waziite picha watakavyo. Mtoto akisema "embe" tangu mwanzo hadi mwisho, basi hilo ni embe.

Ugumu wenyewe uko katika kufunika jicho. Kiganja cha mzazi huacha mwanya kati ya vidole, na mtoto atachungulia bila hata nia ya kudanganya, ndiyo maana tunabandika plasta. Tena hatupendi kumwonyesha picha moja iliyo peke yake, kwa sababu jicho vivu, yaani lile ambalo ubongo umezoea kulipuuza, huitambua picha ya namna hiyo kwa urahisi kuliko ile iliyobanwa na nyingine pande zote, na mpimaji asiyelijua hilo ataandika matokeo mazuri yasiyo ya kweli. Kwa mtoto mchanga tunatazama tabia yake tu: ikiwa anaendelea kuchezea mdoli tunapofunika jicho la kushoto, lakini analia na kusukuma mkono wetu tunapofunika la kulia, tunajua kwamba la kulia ndilo analolitegemea. Akichoka tunapumzika, na ikibidi tunampangia siku nyingine.

Swali: Binti yangu wa miaka minane hajawahi kulalamika, lakini imegundulika kwamba jicho lake la kushoto ni vivu. Tumepewa miwani na kuambiwa tufunike lile zima. Je, hatutaliharibu? Na hajachelewa? (Baba, Mwanza)

Jibu: Hakulalamika kwa sababu jicho zima lilikuwa likifanya kazi ya yote mawili, na hajui kuona kwa namna nyingine. Hajachelewa. Ni kweli kwamba matibabu huleta nafuu kubwa zaidi kabla ya miaka saba, lakini wapo wengi wa umri wa binti yako, hata waliofika miaka kumi na zaidi, ambao jicho lao huimarika. Fuateni saa mlizopangiwa, msiongeze kwa kudhani mtaharakisha: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya miaka saba wenye tatizo la kiasi, saa 2 kwa siku zilileta nafuu sawa na saa 6. Jicho linalofunikwa nalo tunalipima kila mnaporudi, hivyo msiruke tarehe. Bandikeni plasta kwenye ngozi, chini ya miwani, na katika muda huo mpeni kazi ya karibu anayoipenda, kama kutunga shanga au kuchambua mchele pamoja na mama yake.

Swali: Kwa nini mtoto alitiwa matone, akashindwa kusoma siku nzima? (Mlezi, Dodoma)

Jibu: Jicho la mtoto lina nguvu kubwa ya kujikaza, na nguvu hiyo huficha kiasi cha miwani anachohitaji. Matone huilegeza kwa muda. Macho yenye rangi nyeusi huchelewa kuyapokea, na mara nyingi tunarudia tone na kusubiri nusu saa au zaidi. Mwanga utamsumbua na maandishi ya karibu yatafifia, pengine hadi kesho yake. Akipata homa, uso ukaiva au akaanza kuweweseka, mrudisheni hospitali mara moja.

Swali: Katika picha za simu, mboni moja ya mtoto wetu wa mwaka mmoja huonekana nyeupe. Tusubiri zamu ya kliniki mwezi ujao? (Wazazi, Iringa)

Jibu: Msisubiri. Huenda ni mwanga tu uliopiga kwa pembe, huenda ni mtoto wa jicho, lakini pia huenda ni aina ya saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambayo karibu wote inaowapata ni watoto wa chini ya miaka mitano, na ambayo ikiwahiwa hutibika. Hata kama anacheza vizuri na hasikii maumivu, mpelekeni kesho asubuhi katika hospitali yenye daktari wa macho, mwambieni wa mapokezi kwamba mboni ni nyeupe ili msipangwe kwenye foleni ya kawaida, na mwende na simu yenye picha hizo.