Maswali ya Wasomaji: Nianzie Chuo cha Jamii Ili Niwe Mtaalamu wa Lishe?

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Kigoma, na huu ni mwaka wa nne tangu nihamie San Diego, California. Ninafanya kazi jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee, ambako kila siku napanga sinia za chakula kwa kufuata kadi ya kila mkazi: huyu hali chumvi, yule ana kisukari, mwingine chakula chake husagwa kwa sababu hawezi kumeza. Kazi hii imenitia hamu ya kusomea lishe hadi nisajiliwe. Jirani yangu ananiambia kwamba nikimaliza chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, nitakuwa tayari ni mtaalamu wa lishe. Dada yangu anasema chuo hicho ni kupoteza muda, niende chuo kikuu moja kwa moja. Nimsikilize nani? Tena kemia ilinishinda kidato cha nne. Je, naweza kuiweka mwishoni?
Msomaji, San Diego

JIBU: Dada yangu, nianze na jirani, kwa kuwa kosa lake ndilo linaloweza kukuumiza zaidi. Miaka miwili haitoshi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, tume inayosajili wataalamu wa lishe nchini Marekani, CDR, hairuhusu mtu anayeingia sasa katika fani hii kufanya mtihani wa usajili asipokuwa na shahada ya uzamili, akiwa amepitia masomo yaliyoidhinishwa na baraza la ACEND na mazoezi ya kazi chini ya usimamizi yasiyopungua saa 1,000. Hesabu basi miaka miwili ya chuo cha jamii, miwili ya chuo kikuu, kisha uzamili. Na kwa kuwa una watoto na kazi, usijilaumu safari ikizidi miaka sita.

Dada yako naye, pamoja na nia yake njema, hajapiga hesabu ya fedha. Kwa mkazi wa California, ada ya chuo cha jamii ni dola 46 kwa kila yuniti, yaani kipimo cha ukubwa wa kozi, kwa hiyo yuniti 60 ambazo kwa kawaida humaliza ngazi hiyo ni dola 2,760 bila vitabu, na wenye kipato kidogo wanaweza kuomba kusamehewa ada hiyo. Isitoshe, jimbo lako lina stashahada maalumu ya uhamisho, yaani ya kuhamia chuo kikuu, katika lishe na dayatetiki (elimu ya kupanga chakula kwa ajili ya afya na ugonjwa), ambayo humhakikishia mwenye nayo nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya jimbo viitwavyo CSU. Lakini soma vizuri neno hilo "mfumo": hakikisho si la kampasi unayoitaka wewe, na mama asiyeweza kuhamisha watoto anapaswa kulijua hilo kabla ya kujiandikisha.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni kwamba upange safari hii kuanzia mwisho. Tafuta kwanza katika orodha ya ACEND programu ya shahada ya kwanza iliyoidhinishwa ambayo unaweza kuifikia kutoka nyumbani kwako, kisha ufungue tovuti ya ASSIST, inayoonyesha kozi gani ya chuo chako cha jamii inapokewa badala ya kozi gani ya chuo kikuu hicho, ndipo uchague masomo. Nalisema hili kwa uchungu, maana mimi mwenyewe nilipohama chuo, kozi moja ya kemia niliyoipasi vizuri haikutambuliwa, kwa kuwa nilichukua ile fupi ya wasiosomea sayansi. Mshauri wa chuo alikuwa ameniambia kwamba kemia ni kemia, nami sikuuliza mtu wa pili. Nilipoteza mwaka mzima.

Hapo ndipo ninapolijibu swali lako la kemia, na jibu ni hapana, usiiweke mwishoni. Masomo haya yamefungamana kama mnyororo: kemia ya jumla hutangulia kemia ya kaboni, nayo kemia ya kaboni hutangulia biokemia, ambayo ndiyo itakayokueleza kinachotokea mwilini mzee wako wa kisukari anapomaliza ile sinia. Ukiichelewesha ya kwanza muhula mmoja, zote zilizo nyuma yake husogea, na pengine mwaka mzima kama kozi inayofuata hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Kama msingi wako ni mdogo, chukua kwanza kozi ya maandalizi ya kemia, ukijua kwamba huenda isihesabiwe katika uhamisho, na usiichanganye na mikrobiolojia au fiziolojia katika muhula mmoja. Kidato cha nne ulikariri ili ufaulu mtihani. Sasa una wazee unaowafahamu kwa majina, na naamini hilo litabadilisha namna unavyosoma.

Ipo pia ngazi ya katikati, nayo ni ya fundi wa lishe aliyesajiliwa, NDTR. Anayemaliza stashahada katika programu ya mafundi iliyoidhinishwa na ACEND, au shahada ya kwanza yenye masomo ya dayatetiki yaliyoidhinishwa, anaweza kuomba kufanya mtihani wa ngazi hiyo, akapata kazi iliyo karibu zaidi na mgonjwa huku akiendelea na uzamili. Angalia tu kwamba stashahada ya uhamisho na stashahada ya ufundi si kitu kimoja, hata zikifundishwa katika jengo moja.

Kazi yako ya jikoni usiiache. Muombe mtaalamu wa lishe anayehudumia nyumba hiyo akuruhusu kumfuata siku moja anapokagua kadi za wakazi, na uandike ulichokiona, kwa sababu wanaopokea maombi ya mazoezi ya kazi huuliza mwombaji amewahi kufanya nini. Na kila muhula, kabla haujafungwa, hifadhi muhtasari (silabasi) wa kila kozi uliyosoma. Chuo kikuu kikisita kuipokea, karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka.