Usilipie huo mzigo wa kauboi wa Kiitaliano kabla hujapima upana wa picha

Mkuu, hebu simamisha kwanza huo muamala. Kama hela haijatoka kwenye simu, isitoke. Kama imeshatoka, mpigie huyo jamaa sasa hivi kabla hajafunga duka.

Umeandika kwamba umepata diski ya kompyuta (hard disk) yenye filamu 40 za kauboi za Kiitaliano, zile za mwanzo mwanzo za 1963 mpaka 1966, kwa Sh 100,000, na muuzaji amekuhakikishia kwamba "picha imejaa skrini nzima, haina ile mistari myeusi". Halafu unauliza uanze na ipi, usikilize kwa lugha gani, kama hao kauboi wote wanaoitwa Django ni mtu mmoja, na kama filamu za bajeti ndogo namna hiyo zina chochote cha maana. Maswali mazuri yote. Lakini mimi nimeganda hapo kwenye "imejaa skrini nzima". Maneno hayo hayo niliambiwa mwaka 2012, neno kwa neno, na nililipa Sh 450,000 kuyaamini.

Nilikuwa naishi Tanga. Niliamua kuanzisha usiku wa sinema, Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, kwa sababu vijana wa pale wamekua wakisikia wazee wakiitana Ringo na Django, majina ya kauboi wa filamu hizo, barazani bila kuwahi kuziona filamu zenyewe. Nikasafiri hadi Dar, nikanunua kasha la DVD kwa Sh 120,000. Ukumbi 150,000. Projekta ya kukodi 80,000, spika 60,000, matangazo ya kubandika 40,000. Kiingilio nikaweka 3,000, wakaja watu 63. Kwa filamu ya mwaka 1964! Nilisimama mlangoni nikiwa na furaha ambayo sijui kuieleza.

Nilifungua na Per un pugno di dollari ya mwongozaji Sergio Leone, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Kwa Konzi ya Dola". Kama hujaiona: mgeni anaingia mji mdogo wa mpakani akiwa juu ya nyumbu, mji una familia mbili zinazouana, akina Rojo upande huu na akina Baxter upande ule, na yeye anazichonganisha akila hela za pande zote mbili. Mapema kabisa kuna tukio ambalo ndilo linakuuzia filamu nzima. Watu wa Baxter wamekaa kwenye ua wa mbao. Stelingi anapita kwa fundi majeneza, anamwambia aandae matatu. Anakwenda kwenye ua, anaongea nao taratibu, wanachomoa bastola, anawalaza wote. Akirudi anamwambia fundi kwamba alikosea hesabu, yatahitajika manne.

Sasa sikiliza kilichoonekana ukutani kwangu. Kwenye ua walionekana watu wawili na bega la wa tatu. Wakipigwa risasi, kuna mtu anaanguka nje ya picha, unasikia kishindo tu. Stelingi anasema manne, na ukumbi mzima kimya. Mtu akauliza kwa sauti, "Wa nne ametoka wapi?" Ukiondoa hesabu ya watu wale, tukio zima limekufa. Na ikaendelea hivyo hivyo. Wawili wakikabiliana barabarani, unamwona mmoja, halafu picha inateleza kama mlevi kwenda kumtafuta wa pili. Kuna mahali pua mbili zinazungumza, moja kila ukingo, katikati ukuta mtupu.

Mzee mmoja wa Barabara ya 8, fundi cherehani, aliyeiona filamu hiyo sinema ya mjini miaka ya 70, akanyanyuka akaja hadi kwenye projekta. Akaniambia, "Mwanangu, walikuwa wanne juu ya ua. Niliwahesabu mimi mwenyewe. Hawa wengine umewapeleka wapi?"

Na mimi nikamjibu nilichofundishwa na muuzaji. Nikamwambia, "Mzee wangu, hizi ni filamu za bei rahisi, ndivyo zilivyopigwa." Nilimwambia mtu mzima, mbele za watu, kwamba kumbukumbu yake imemdanganya, wakati yeye ndiye mtu pekee ukumbini aliyekuwa anajua ukweli. Fedha niliyopoteza nimeshaisamehe. Hilo bado linaniuma. Nusu ya watu waliondoka kabla ya mwisho, wengine wakadai kiingilio chao, nikarudishia wote 63. Usiku wa sinema wa pili haukuwepo.

Yule muuzaji namkumbuka hadi mkao wake kwenye stuli. Nilimuuliza wazi: mbona picha kwenye jalada la kasha ni pana na kwenye televisheni ni mraba? Akacheka, "Kaka, hii imejaa skrini nzima, unapata picha yote, zile zenye mistari myeusi zimekatwa juu na chini." Uongo mtupu, tena uongo uliogeuzwa kichwa chini miguu juu! Na kabla ya kwenda dukani nilisoma andiko refu la mtu mmoja kwenye jukwaa lingine, mtu anayejiita mtaalamu wa filamu za zamani, akieleza kwa mbwembwe kwamba ubovu wa picha za kauboi wa Kiitaliano ni matokeo ya umaskini wa watengenezaji. Sijui kama aliwahi kuona hata nakala moja nzima. Watu kama hawa wanaharibu zaidi ya wezi, kwa sababu mwizi anakuibia pesa, wao wanakuibia na filamu.

Ukweli ni huu, usome taratibu. Filamu ile ilitengenezwa kwa takriban dola 200,000. Clint Eastwood, ndiye stelingi, alilipwa 15,000, na wakati huo alikuwa mtu wa tamthilia ya televisheni tu. Ukanda wa filamu ulikuwa ghali, kwa hiyo walitumia mfumo uitwao Techniscope. Katika filamu ya kawaida kila picha moja inachukua urefu wa matundu manne ya pembeni mwa ukanda. Techniscope ilichukua matundu mawili tu. Rola moja ikawa inadumu mara mbili, gharama ya ukanda ikashuka nusu, na picha yenyewe ikatoka fupi na pana sana: kwa kila 1 ya urefu wa kwenda juu, upana 2.35. Gharama yake ni chengachenga kidogo, kwa sababu eneo dogo limekuzwa kuwa kubwa. Faida yake ni kwamba lenzi zilikuwa za kawaida, si zile za kubana picha, kwa hiyo wangeweza kusogea usoni kwa mtu mpaka uhesabu jasho huku nyuma yake barabara bado inaonekana vizuri. Zile sura kubwa zinazojaza skrini kutoka ukingo hadi ukingo, macho tu, kovu tu, zilitoka humo. Ubahili uliwapa upana, na Leone akautumia upana huo kama mkulima anavyotumia kila hatua ya shamba dogo.

Halafu anakuja mtu na mkasi. Televisheni za zamani zilikuwa 4 kwa 3, kwa hiyo ili picha ijae walikata pembeni, na hesabu yake ni rahisi: unapoteza karibu asilimia 43 ya picha. Kwenye kila watu wanne, wawili hawapo. Ndicho kilichonikuta ukutani. Kwenye televisheni za leo za 16 kwa 9, picha ya 2.35 ikijazwa skrini nzima unapoteza asilimia 24, karibu robo. Ile mistari myeusi juu na chini haifuniki chochote. Hapo pana utupu kwa sababu filamu ni fupi kuliko televisheni yako. Ukiona mistari, shukuru.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, pima. Mwambie akuwekee filamu hiyo dukani kwake, simamisha picha, chukua rula au futi ya fundi, pima upana, pima urefu wa kwenda juu wa picha yenyewe bila mistari, gawanya. Sentimita 94 kwa 40 ni sawasawa. Ukipata 1.33 au 1.78 kwa filamu ya Techniscope, nyanyuka uondoke. Kama ni faili, angalia vipimo vyake: 1920 kwa 816 inakaa vizuri, 640 kwa 480 imekatwa au imebanwa. Imebanwa utaijua kwa farasi, wana miguu ya twiga. Angalizo moja tu: Django ya mwongozaji Sergio Corbucci ya 1966 ilipigwa kwa 1.66, kwa hiyo yenyewe ikitoka 1.66 usimshtaki mtu. Jua kwanza upana wa asili wa kila filamu, ndipo utoe futi.

Nisieleweke kwamba filamu hizi hazina makosa yake. Zinayo, tena mengi. Midomo na maneno haviendani, kwa sababu sauti zote ziliingizwa baadaye studio: Mmarekani anaongea Kiingereza, Gian Maria Volonté Kiitaliano, Marianne Koch ni Mjerumani, na wengine ni Wahispania. Hata Eastwood kwenye nakala ya Kiitaliano ana sauti ya mtu mwingine, Enrico Maria Salerno. Texas na Meksiko yote hiyo ni Hispania, jangwa la Tabernas kule Almería na kijiji cha bandia kilichojengwa kwa ajili ya filamu kule Hoyo de Manzanares karibu na Madrid. Kisa chenyewe kilichukuliwa kutoka Yojimbo ya Akira Kurosawa ya 1961 bila ruhusa, na Wajapani walipodai wakapewa asilimia 15 ya mapato ya dunia. Hata majina yalikuwa ya bandia ili watazamaji wadhani ni kazi ya Wamarekani: Leone alijiita Bob Robertson, mtunzi wa muziki Ennio Morricone akawa Dan Savio, Volonté akawa John Wells.

Na za jirani zake ni dhaifu zaidi. Kampuni iliyotengeneza filamu ya Leone, Jolly Film, ilikuwa inatengeneza wakati huo huo Le pistole non discutono, Mario Caiano akiongoza kwa jina la Mike Perkins, na hiyo ndiyo waliyoitegemea, ndiyo iliyopewa hela nyingi. Leone alipewa makombo, majengo yale yale. Ukiitazama leo ile ya Caiano unaona watu wakiiga kauboi wa Marekani kwa adabu, hatua kwa hatua, na huoni sababu ya wao kuiga. Lakini haya ni makosa yao wenyewe, na mtu unaweza kuyapenda. Mimi nayapenda. Napenda ile mluzi ya Alessandro Alessandroni inayofanya kazi ya okestra nzima. Napenda ukimya wao, vumbi lao, nyuso za wanakijiji ambazo hakuna aliyezipaka poda. Ninachokataa ni kuwabebesha makosa ya mtu aliyekata filamu yao miaka mingi baadaye ndani ya chumba cha televisheni.

Kuhusu Django, kwa kifupi: Franco Nero alimcheza kwenye ile ya 1966, yule anayeburuta jeneza kwenye matope, na akarudi 1987. Hao wengine wengi walibandikwa jina na wasambazaji, hasa Ujerumani, ili kuuza tiketi. Kwa hiyo mtu anayekuambia "Django zote zipo humu" ni wa ukoo mmoja na yule wa kwangu.

Miaka miwili baada ya aibu ile, ndugu yangu alinirudia kutoka Uitaliano na nakala safi. Niliweka zote mbili, ya zamani kwenye televisheni moja, mpya kwenye nyingine, nikakaa na rula. Halafu nikapanda basi hadi Tanga na kompyuta begani, nikaenda Barabara ya 8. Nilianza na "shikamoo" na kuomba radhi, akaniambia niache maneno niwashe. Tulipofika kwenye ua akaacha kushona, akanyoosha kidole akahesabu. Walikuwa wanne.

Sasa na wewe fanya hivyo. Muulize huyo jamaa kama Per un pugno di dollari imo kwenye diski, maana anayeuza 40 hawezi kuikosa hiyo. Mwambie aifungue pale kwenye ua, hao jamaa wa Baxter wakiwa wamekaa, asimamishe picha, na wewe uipige picha kwa simu. Itume hapa kabla ya kulipa, tuhesabu wote.